Siku ya Kwanza Kizimbani: Jibu Moja na Wadhamini Wawili

Kuna swali ambalo wasomaji wetu hawachoki kuliuliza, na mara nyingi huja zikiwa zimebaki siku chache: "Nimefunguliwa kesi ya jinai, naenda mahakamani kwa mara ya kwanza. Nikifika mbele ya hakimu niseme nini?" Ndani ya swali hilo kuna imani kwamba siku ya kwanza ndiyo siku ya kujieleza, na kwamba mwenye maneno mazuri atayamaliza asubuhi hiyohiyo. Mahakama haifanyi kazi hivyo. Siku hiyo hakimu hajasikia shahidi hata mmoja, hajaona kielelezo, wala hajafikia hatua ya kupima nani mkweli. Yanayoamuliwa ni mawili tu: umejibu nini baada ya kusomewa shtaka, na jioni utalala kwako au rumande. Mtu anayekwenda na utetezi mrefu kichwani lakini hana wadhamini atalala mahabusu na utetezi wake. Na anayekubali kosa ili "yaishe leo" anaweza kugundua, dakika chache baadaye, kwamba kilichoisha ni uhuru wake.

Ninayoyaeleza hapa yanahusu Tanzania Bara, hasa mahakama za wilaya na mahakama za hakimu mkazi, chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Zanzibar ina sheria zake. Na hakuna makala inayoweza kusoma hati yako ya mashtaka kwa niaba yako; kama unaweza kumpata wakili, mpate kwanza kisha umalizie kusoma.

Kabla ya siku: tafuta watu na karatasi

Dhamana hukwama kwa karatasi mara nyingi kuliko inavyokwama kwa sheria. Hakimu anaweza kutamka saa nne asubuhi kwamba dhamana iko wazi, mshtakiwa akaishia rumande kwa sababu mdhamini mmoja amekuja na barua isiyo na muhuri, au yuko njiani, au jina kwenye kitambulisho chake limeandikwa tofauti na jina kwenye barua. Nyaraka za wadhamini huhakikiwa, na uhakiki una muda wake. Ofisi ikifungwa kabla kazi haijakamilika, karandinga litaondoka na wewe. Ikiwa ni Ijumaa, maana yake ni hadi Jumatatu. Kwa hiyo, kama umeitwa kwa samansi au uko nje kwa dhamana ya polisi, usisubiri masharti yatangazwe ndipo uanze kupiga simu. Masharti hutofautiana kwa kosa na kwa hakimu, lakini yanayojirudia yanajulikana, na unaweza kuyatayarisha mapema:

- wadhamini wawili wenye makazi na kazi zinazojulikana; ukimpata mmoja aliye mtumishi wa umma, ni vizuri zaidi, kwa kuwa wakati mwingine hutakiwa;
- barua ya kila mdhamini kutoka kwa mtendaji wa mtaa au kijiji anakoishi, yenye muhuri na ikiwezekana picha yake;
- kitambulisho cha taifa cha kila mmoja, nakala na chenyewe halisi, pamoja na kitambulisho cha kazi kwa aliyeajiriwa;
- picha za pasipoti, zao na zako;
- kwa kesi ya fedha au mali yenye thamani kubwa, hati ya nyumba au kiwanja na ripoti ya uthamini, kwa sababu sheria inaweza kudai uweke mahakamani fedha au mali inayolingana na nusu ya thamani inayobishaniwa.

Wadhamini wengi hukimbia wakisikia "asaini bondi ya shilingi milioni tano", wakidhani wanatakiwa kulipa fedha hizo hapohapo. Mweleze mapema ndugu au rafiki unayemwomba kwamba kusaini bondi ni kuahidi. Hatoi shilingi mpaka mshtakiwa aruke dhamana. Hapo ndipo mahakama itamwita ajieleze kwa nini asilipe. Ahadi hiyo ni nzito, na anayeombwa ana haki ya kukataa. Ndiyo maana mdhamini bora ni mtu anayekujua na unayemwonea haya kumwangusha, wala si mtu wa kukodi aliyekutwa nje ya geti la mahakama. Mdhamini wa kukodi akigundulika ana barua ya uongo, dhamana yako inafutika, na huenda nyote wawili mkajikuta na kosa jipya.

Jambo jingine lisemwe waziwazi. Dhamana ya polisi haina malipo, na dhamana ya mahakamani hainunuliwi kwa mtu yeyote. Fedha halali za mahakama, kama faini, hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali na hutolewa risiti. Akitokea mtu wa kukwambia kwamba "faili litasogea" ukimpa kitu, ripoti TAKUKURU kwa namba 113, simu isiyo na gharama. Najua woga uliopo: "Nikiripoti watanikomoa." Lakini ukitoa, umetenda kosa la pili juu ya lile unaloshtakiwa, na aliyepokea ndiye shahidi wako.

Shtaka linaposomwa

Jina lako litaitwa, utasimama kizimbani, na hati ya mashtaka itasomwa. Sikiliza vitu vinne: jina la kosa, kifungu cha sheria, tarehe na mahali, na kitendo chenyewe unachodaiwa kutenda. Neno moja hubadilisha mambo yote. Kupatikana na bangi kidogo na kusafirisha bangi ni mashtaka tofauti kabisa, na chini ya sheria ya dawa za kulevya neno usafirishaji limepewa maana pana kuliko lori barabarani. Anayeshtakiwa kusafirisha anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 hata kama mzigo haufiki kilo 50. Wizi na unyang'anyi wa kutumia silaha vinaweza kutokana na tukio moja lililosimuliwa kwa njia mbili, lakini la pili adhabu yake haipungui miaka 30 na halina dhamana. Mtu anayesikia "unyang'anyi" na kujibu moyoni "si ndiyo ule wizi wa simu?" yuko hatarini.

Usipoelewa, sema hujaelewa. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, lakini Kiswahili cha hati ya mashtaka si kile cha kijiweni, na kuna raia wetu, hasa wazee wa vijijini, ambao lugha wanayoielewa vizuri si Kiswahili. Mkalimani ni haki. Maneno "Mheshimiwa, naomba nieleweshwe" hayajawahi kuwa utovu wa nidhamu mbele ya hakimu, na ni afadhali shtaka lisomwe mara tatu kuliko kulijibu kwa kubahatisha.

Kisha utaulizwa: ni kweli au si kweli? Hapo ndipo makala hii yote inapoelekea.

Hatari ya "ni kweli, lakini…"

Watu wengi hawakiri kosa kwa makusudi. Hukiri kwa bahati mbaya wakidhani wanajitetea. "Ni kweli nilimpiga, lakini alianza yeye." "Ni kweli nilichukua pikipiki, lakini mwenyewe namdai mshahara wa miezi miwili." Katika sentensi hizo kuna utetezi unaotambuliwa na sheria: kujihami, au kuamini kwa dhati kwamba una haki juu ya mali. Hakimu makini ataandika kwamba mshtakiwa amekana. Lakini orodha ya kesi ni ndefu, ukumbi umejaa, na lililosikika kwanza ni "ni kweli". Usimwachie mtu mwingine kazi ya kukutafsiri. Kama una "lakini", jibu lako ni "si kweli". Hiyo "lakini" itunze. Zamu yake itafika.

Mfano mchungu zaidi ni wa kijana anayeshtakiwa kubaka msichana aliye chini ya miaka 18, naye akasimama akasema kwa kujiamini: "Ni kweli, ila tulikubaliana, ni mpenzi wangu." Anadhani amejinasua. Kisheria ridhaa ya msichana wa umri huo haihesabiki, kwa hiyo alichofanya ni kukubali sehemu kubwa ya shtaka kwa kinywa chake mwenyewe, na kwa mtu mzima kifungo cha kosa hilo hakipungui miaka 30. Sisemi haya ili wanaowadhuru watoto wapate pa kuponyokea. Ushahidi wa mtoto utasikilizwa, na sheria ina meno ya kutosha. Nasema kwamba mtu asihukumiwe miaka 30 kwa sentensi ambayo hakuelewa maana yake.

Sheria yenyewe imeiona hatari hii zamani. Mwaka 1973, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri lililotoka Kenya, iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka hatua ambazo mahakama zetu huzifuata mpaka leo mtu anapokiri. Shtaka na viini vyake vyote vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kadiri inavyowezekana. Mwendesha mashtaka asome maelezo ya kosa. Mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakubali, kuyapinga au kuyafafanua. Akipinga jambo lolote la msingi, ukiri ufutwe na iandikwe kwamba amekana. Kwa maneno mengine, hata uliyeteleza ukasema "ni kweli", bado unayo nafasi moja kabla ya kutiwa hatiani: yanaposomwa maelezo ya kosa, usitikise kichwa tu. Taja palipo uongo. "Mheshimiwa, sikubaliani na maelezo kwamba nilikuwa na panga." Sentensi moja kama hiyo yatosha kubadilisha rekodi.

"Lakini kama kweli nilifanya, kukana si uongo?"

Swali hili huulizwa na watu waungwana, wenye kumcha Mungu, na linastahili jibu lisilo la ujanja. Unapojibu shtaka huli kiapo. Neno "si kweli" mahakamani linamtaka mwendesha mashtaka athibitishe shtaka lote, kila kiini chake, pasipo shaka ya maana. Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitishwa kuwa na hatia. Kuitumia kinga hiyo si kusema uongo. Huenda ulitenda jambo, lakini si lile lililoandikwa kwenye hati. Na mara nyingi mshtakiwa asiye na wakili hawezi kuona tofauti hiyo akiwa amesimama kizimbani, miguu ikitetemeka.

Pingamizi la pili lina uzito: je, kukiri mapema hakupunguzi adhabu? Hupunguza, na hakimu anaruhusiwa kuupa ukiri huo uzito. Lakini panga hesabu vizuri. Aliyesema "si kweli" anaweza kubadili na kukiri wakati wowote kabla ya hukumu, akiwa amekwisha kumwona wakili na kuujua ushahidi. Aliyesema "ni kweli" akatiwa hatiani, kurudi nyuma kunamgharimu rufaa. Zaidi ya hapo, tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka, yakaandikwa na kuthibitishwa na mahakama, ingawa baadhi ya makosa mazito yamewekwa nje ya utaratibu huo. Mwenye nia ya kukiri ana njia ya kukiri akijua anachopata. Haraka ya siku ya kwanza haimpi kitu ambacho wiki tatu za ushauri hazitampa. Na kwa makosa ambayo sheria imeweka adhabu ya chini, hata hakimu mwenye huruma kiasi gani hawezi kushuka chini ya hapo.

Kwa hiyo akikunong'oneza mtu, awe askari, karani au mahabusu mwenzako, kwamba "kubali tu, utapigwa faini utoke", muulize swali moja: kifungu hiki adhabu yake ni ipi? Akishindwa kukujibu, hana la kukushauri.

Pale usipotakiwa kujibu kitu, na pale pasipo na dhamana

Familia hushtuka sana zinaposikia hakimu akisema mshtakiwa asijibu chochote kwa kuwa mahakama haina mamlaka ya kusikiliza shauri. Hii ni kawaida kwa mauaji na makosa mengine yanayosikilizwa na Mahakama Kuu. Mahakama ya chini hushughulikia hatua za awali tu. Hakuna haki iliyonyang'anywa hapo. Kaa kimya, sikiliza tarehe.

Kuna pia makosa ambayo sheria imeyafungia dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha, na baadhi ya makosa ya dawa za kulevya, miongoni mwa mengine. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa hayo kinakwenda kinyume na Katiba, lakini Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, na katazo likabaki. Mimi ni miongoni mwa wanaoona kwamba hakimu angeachiwa nafasi ya kupima kila kesi kwa uzito wake. Maoni hayo hayamtoi mtu rumande. Kwa mwenye kosa la aina hii, fedha zisiishie kwa watu wanaoahidi "dhamana ya mlango wa nyuma". Ziende kwa wakili, ambaye anaweza kuhoji kama hati ya mashtaka ina viini vya kosa hilo, na kubana upelelezi uende kwa kasi. Kesi ya aliye rumande hutajwa kila baada ya wiki mbili hivi, na kila kutajwa ni nafasi ya kusema jambo.

Ukipigwa, sema siku hiyo

Nimesisitiza kunyamaza, lakini kuna moja la kusema hata usipoulizwa. Kama ulipigwa au kuteswa ukiwa mikononi mwa polisi, au ulisaini maelezo ya onyo (yale yaliyoandikwa polisi) usiyosomewa, mweleze hakimu siku ya kwanza, kwa ufupi, ukionyesha jeraha lilipo, na uombe mambo mawili: yaandikwe kwenye mwenendo wa kesi, na upelekwe hospitali kwa fomu ya PF3. Miezi kadhaa baadaye maelezo yale yatatolewa kama kielelezo, nawe utasema yalitoka kwa kipigo. Swali la kwanza litakuwa: mbona hukusema ulipofikishwa mahakamani? Kovu limeshapona, na jibu la "niliogopa" ingawa ni la kweli, halina karatasi nyuma yake. Ugonjwa na dawa unazotumia navyo vitaje, kama kuna uwezekano wa kwenda rumande. Na kama mshtakiwa hajatimiza miaka 18, mzazi ataje umri mapema, cheti cha kuzaliwa kikiwa mkononi: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka mahakama ya watoto, na mtoto hatakiwi kuwekwa na watu wazima.

Wakili, msaada wa kisheria na vishoka

Kukosa fedha za wakili si sababu ya kukosa ushauri. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua mawakili na wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bure wasio na uwezo, na hakimu anaweza kuelekeza mshtakiwa apatiwe msaada huo. Chama cha Mawakili Tanganyika, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na kwa wanawake, chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, ni milango ya kubisha. Ukiwa huna mtu siku ya kwanza, mwambie hakimu kwamba unahitaji muda wa kutafuta wakili. Kesi haitasikilizwa siku hiyo hata hivyo.

Jihadhari na vishoka. Hawa huvaa suti nyeusi, hubeba mafaili, husema "mimi na hakimu huyu tunajuana". Wakili wa kweli ana namba ya usajili, na Mahakama ina mfumo wa mtandaoni, e-Wakili, wa kumhakiki. Atakupa risiti. Na hatakuahidi matokeo.

Makosa yanayowaponza walio nje kwa dhamana

- Kumfuata mlalamikaji usiku "tuyamalize kifamilia". Kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Mlalamikaji peke yake hawezi kuifuta, na ziara yako inaweza kusomeka kama kutisha shahidi. Sheria inaruhusu suluhu kwa baadhi ya makosa madogo, kama shambulio la kawaida, lakini ipitie mahakamani.
- Kufika saa tatu na nusu kwa kesi ya saa tatu. Ukiitwa usiwepo, hati ya kukukamata inaweza kutolewa na wadhamini wako wakaanza kusumbuliwa.
- Kuondoka bila kuandika namba ya kesi, jina la hakimu na tarehe inayofuata. Usitegemee kumbukumbu ya ndugu.
- Kusafiri nje ya mkoa bila kibali pale dhamana inapokukataza.
- Kusimulia kesi kwenye magrupu ya WhatsApp. Ujumbe wa sauti uliotuma kwa hasira unaweza kurudi kama kielelezo.

Kama umeshakiri na umeshahukumiwa

Aliyekiri huruhusiwa kwa kawaida kulalamikia adhabu tu, uhalali wake au ukubwa wake. Lakini Mahakama imekubali mara kadhaa kusikiliza rufaa dhidi ya hatia yenyewe pale ambapo ukiri haukuwa kamili au ulikuwa na utata, ulitolewa kwa kutoelewa, shtaka halikuonyesha kosa lolote, au maelezo yaliyokubaliwa hayatoshi kuunda kosa. Familia iombe nakala ya mwenendo wa kesi na ya hukumu bila kuchelewa, kisha mtu wa sheria alinganishe maneno yaliyoandikwa na zile hatua za mwaka 1973. Muda ni mfupi: kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, kusudio la kukata rufaa litolewe ndani ya siku 10 tangu hukumu au adhabu, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45; kutoka mahakama ya mwanzo, ni siku 30. Aliye gerezani anaweza kutoa kusudio lake kupitia kwa mkuu wa gereza, na aombe nakala iliyogongwa muhuri wa tarehe.